Hetvi Alivyosafirishwa Amelala

Baba alitandaza karatasi mbili mezani, moja ya hoteli na moja ya dharamshala, akasema kila mtu atoe maoni yake kwa zamu. Kwetu mjini Nadiad maana yake ni kwamba Ba ataanza na Ba atamaliza. Ba ni mama yake Baba. Ana miaka sabini na nne, na akivaa sari yake nyeupe akasimama karibu na friji, unaona friji mbili, moja fupi.

Tulikuwa tunakwenda siku mbili Anandlok, bustani ya michezo. Safari haikuwa na ubishi. Ubishi ulikuwa tulale wapi.

"Hoteli iko pale pale getini," nikasema. "Ina bwawa, na vitanda vya watoto vina umbo la treni."

"Jikoni kwao wanakaanga mayai," Ba akasema.

"Ba, hatutaagiza mayai."

"Sufuria haijui nani kaagiza."

Sikubisha zaidi. Safari ya mwisho tuliyolala hotelini, Ba alikula mikate ya thepla iliyokauka kwa siku tatu, ameketi mlangoni mwa chumba cha kulia ili kila anayeingia aone familia inavyomtesa. Dharamshala ni nyumba ya kulala mahujaji wa dini yetu ya Kijaini, ubavuni mwa hekalu. Chakula hakina yai wala kitunguu wala kiazi wala chochote kilichong'olewa ardhini, na huliwa kabla jua halijazama. Kasoro yake ni moja: iko kilomita kumi na moja kutoka getini.

Kasoro hiyo ilikuwa ya Hetvi. Dada yangu ana miaka kumi na moja. Pale Anandlok kila mtu hupimwa urefu anapoingia. Ukifika sentimita mia moja arobaini unafungwa utepe mwekundu mkononi. Usipofika, wa njano, na mwenye njano haruhusiwi kupanda Joka Jeusi, ile treni inayokupeleka juu mawinguni halafu inakuachia. Mwaka juzi Hetvi alisimama chini ameshika mikoba yetu huku binamu yetu Jinay akimpungia mkono kutoka juu.

Mwezi uliopita nilimtania kwamba anasinyaa. Ili aniumbue, akajipima kwenye mwimo wa mlango asubuhi na jioni. Asubuhi, mia arobaini kamili. Jioni, mia thelathini na tisa. Nimetania watu wengi maishani, ila utani ulionitii namna ile ni huo tu. Mwalimu wake wa sayansi akamwambia kila binadamu yuko hivyo, uti wa mgongo hubanwa kadiri siku inavyosonga.

"Kutoka hotelini ni hatua hamsini," Hetvi akamwambia Baba. "Kutoka dharamshala, kwa mashimo yale, nitafika getini nimeshapungua."

Baba akamtazama binti yake, akamtazama mama yake, akakunja karatasi ya hoteli.

Hetvi hakulia. "Sawa. Ila nisafirishwe nimelala."

"Kama maiti?" Mama akasema. "Koma."

"Atanilalia mapajani," Ba akasema. Mtu akishashinda hoteli nzima, ukarimu unamjia wenyewe.

Basi asubuhi ya kwanza kule dharamshala Hetvi aligoma kuketi. Alipiga mswaki chali, akalishwa chali. Mimi na Baba tukamshusha ngazi ndani ya shuka, kafumba macho asije akacheka. Uani mahujaji walikuwa wanatoka hekaluni. Chinubhai, meneja wa dharamshala, akatukimbilia.

"Imempata lini?"

Baba hasemi uongo mbele ya hekalu. "Tangu mwaka juzi."

"Masikini. Wanasema ni nini?"

"Akisimama anapungua," nikasema.

Baba akanikanyaga. "Si mgonjwa, Chinubhai. Tunampeleka kucheza."

"Ndiyo, ndugu yangu," meneja akasema, akimpapasa bega. "Atacheza tena."

Tulipogeuka, mahujaji thelathini walikuwa wametuzunguka, na sala imeshaanza. Sala haikatizwi. Wakaisoma mara tisa, na Mama, ambaye anajua kila kitu, alisoma kuwashinda wote. Bibi mmoja akaanza kumsugua Hetvi nyayo.

Hetvi akafungua jicho moja. "Kaka, saa ngapi?"

"Lala. Umebakiwa na nusu sentimita."

Tukapanda bajaji mbili, Baba na Mama mbele, sisi nyuma. Kichwa cha Hetvi kilikuwa mapajani kwa Ba, magoti mapajani kwangu, na miguu inaning'inia nje. Trafiki akaona ile miguu, akaona bibi mwenye sari nyeupe, rangi ya msiba kwetu, akapuliza filimbi na kulisimamisha lori la miwa tupite. Kila tulipoingia shimo, Ba alikinyanyua kichwa cha Hetvi kwa mikono miwili, mshtuko wote akaumeza yeye.

Getini Hetvi aliinuka taratibu kama maziwa yanayotaka kuchemka, akasimama kwenye kipimo. Mlinzi akambonyeza nywele. Akainama, akaangalia tena.

"Mia arobaini," akasema, akamfunga mwekundu. "Na wewe, bibi, njoo."

"Mimi sipandi kitu," Ba akasema.

"Kila anayeingia anapimwa."

Mia thelathini na tisa. Akamfunga wa njano, wenye picha ya mtoto wa tembo. Nikafungua mdomo. Ba akanitazama, nikaufunga.

"Nyumbani mimi ni mia arobaini kamili," akamwambia mlinzi. "Ila nimekuwa godoro kilomita kumi na moja."

Hetvi alipanda Joka Jeusi mara nne. Ba alikaa chini kwenye benchi na mikoba yetu, na kila treni ilipopita juu, Hetvi alimpungia utepe mwekundu, naye akarudisha wa njano. Mara ya nne hakurudisha. Alikuwa ameiangalia ile treni muda mrefu.

"Kesho," akaniambia, "ni zamu yangu kulala."

Nikamwazia Chinubhai pale uani, na mahujaji wake thelathini.