Kwata ya Ng'ambo ya Korongo

Clemensi Tluway alifika ukingoni mwa korongo kabla ukungu haujainuka. Sare yake ya mgambo ilikuwa imepigwa pasi ya mkaa mpaka mikunjo inasimama yenyewe, na buti alizisugua hadi zikaacha kuonyesha uzee wao. Ng'ambo, kwenye uwanja wa shule, wenzake walikuwa wakijipanga na bunduki zao za mbao. Aliwasikia wakikohoa na kutaniana juu ya baridi ya Endamarariek, nani ameivaa sweta ya mkewe ndani ya shati na nani amekunywa uji wa watoto. Alitamani kuvuka. Korongo lenyewe halikuwa kitu, mbuzi hulishuka na kulipanda huku wanatafuna. Lakini alibaki upande wake, mikono nyuma.

Nyumba ya Clemensi ilikuwa kwenye metimani. Tangu mkewe Lukresia ajifungue mtoto ambaye hakulia, wakamzika nyuma ya boma, wawili hao walikuwa wamejitenga kama Wairaqw walivyojitenga tangu zamani. Hawakupita njia ya watu wala kuchota maji kwenye chemchemi ya watu. Ng'ombe wao walilishwa peke yao. Zaidi ya yote, hawakumsogelea mtu mwenye mjamzito nyumbani, wasije wakampelekea msiba uliowapata wao. Padri alishasema kanisani kwamba mambo hayo yamepitwa na wakati, na watu walimwitikia vizuri sana Jumapili, kisha Jumatatu wakaendelea kulizunguka shamba la Clemensi kwa mbali. Clemensi hakuwalaumu. Angekuwa wao, naye angezunguka.

Ila siku ya mtihani wa ukoplo ilipangwa na wakubwa wa Mbulu, na huko hakuna aliyejua nani Endamarariek kazika mtoto.

Na Clemensi aliutaka ule ukoplo, tusifichane. Vita vya Kagera vilipoanza alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake, na huko mbele, koplo wao alipopigwa risasi ya paja, yeye ndiye aliyeambiwa ashike seksheni. Aliishika mpaka mwisho, akawarudisha watu wake wakiwa hai. Wakamwita koplo, akazoea kuitika. Vita vilipokwisha alirudishiwa uraia wake na blanketi moja, ukoplo ukabaki hukohuko pamoja na bunduki. Kilikuwa cheo cha kukaimu, aliambiwa, na cha kukaimu hakifungwi kwenye mzigo.

Mgambo hapandi cheo kwa kuota mvi. Uwe umepita kozi, sawa, Clemensi alikuwa amepita. Uwe hukosi mazoezi, hakuwa anakosa. Lakini vyote hivyo ni bure kama nafasi haipo, na nafasi haipatikani mpaka aliyeikalia aondoke. Koplo wa zamani wa kata alikuwa na afya ya punda. Hatimaye mwaka ule wa 1982 akahamia Mang'ola kulima vitunguu, na habari ikaja kwamba mshauri wa mgambo atapanda kutoka Mbulu kuwaona kwa macho yake wawili wanaofaa, Clemensi na Sylvesta, wakiongoza wenzao. Tepe atakuja nazo mfukoni.

Kwa tepe, mtu wa kumwona alikuwa Lukresia. Yeye ndiye fundi cherehani wa pale, na hapakuwa na mgambo mwenye cheo, kuanzia Ganako hadi Endabash, ambaye tepe zake hazikupita chini ya sindano ya Lukresia. Za mumewe alikuwa amezinunulia uzi zamani, akauficha kwenye droo ya mashine. Sasa mashine ilikuwa imefunikwa kitenge tangu maziko, na Lukresia mwenyewe ni kama amefunikwa pamoja nayo. Alizungumza habari za chumvi na kuni, basi. Neno mtoto halikuwa limemtoka kinywani. Asubuhi hiyo aliipiga pasi ile sare bila kuombwa, akampa mumewe mkononi, akasema maneno yake ya siku nzima.

"Usivuke. Hyasinta ana tumbo kubwa."

Hyasinta alikuwa mke wa Sylvesta. Clemensi alimwahidi kwamba hatavuka.

Landrova ya mshauri ilifika jua likiwa limeshaanza kuonekana. Alishuka Sajenti Mchopa, mtu wa kusini, mnene, mwenye sauti ya upole isiyolingana na kifua chake. Akaikagua seksheni, akauliza Clemensi Tluway yuko wapi. Watu wakatazama buti zao. Sylvesta angeweza kunyamaza, nafasi ikamwangukia mdomoni kama embe, na wala hakuna ambaye angemsema. Badala yake alitoka mstarini akamwonyesha sajenti yule mtu aliyesimama ng'ambo, akamweleza na sababu.

Mchopa alisogea ukingoni akaamuru Clemensi avuke. Clemensi akajibu kwa kupaza sauti kwamba hawezi, na kwamba anaomba ruhusa awaongoze kutoka pale alipo. Sajenti akacheka. Kisha akageuka, akaona kwamba baadhi ya vijana wake, kwa kule kusikia tu neno kuvuka, walikuwa wamekwisha kurudi nyuma hatua kadhaa bila amri ya mtu. Akaacha kucheka.

"Haya," akasema. "Tukusikie."

Clemensi alivuta pumzi. Kumbuka kwamba huyu ni mtu aliyekuwa akinong'ona ndani ya nyumba yake tangu siku ya maziko, maana hakuna anayeongea kwa nguvu mbele ya mke anayeutazama ukuta. Amri ya kwanza ilimtoka imepasuka, nusu ikaangukia korongoni. Hakuna aliyetikisika ng'ambo. Aliona aibu imemjaa hadi masikioni. Akapiga moyo konde.

"Seksheniii... mguu sawa!"

Visigino vikagonga pamoja. Sauti yake ilikwenda, ikagonga ukuta wa darasa, ikamrudia, naye akaisikia na kushtuka kwamba ni yake. Baada ya hapo haikumkatalia. Aliwapeleka mbele, akawageuza nyuma, akawavunja mistari na kuiunda upya. Kwa vile sauti ilichelewa kidogo kufika, aliianza kila amri mguu ukiwa bado hewani, na wale watu waliokuwa naye Uganda wakampokea vilevile kama zamani. Alimwona mmoja bunduki yake imelala, akamwambia aiinue, akainua. Akasahau baridi. Kwa muda ule, Mungu amsamehe, alisahau hata kile kilima kidogo cha udongo nyuma ya boma, na aliposimamisha seksheni na kukumbuka, machozi yalimjia usoni mbele za watu, ila umbali ukamsitiri.

Zamu ya Sylvesta ikafuata. Aliongoza vizuri, wala hakuna la kumtoa makosa, lakini kila mtu pale uwanjani alijua wamesikia nini kabla yake. Mchopa naye alijua. Alitoa tepe mbili mfukoni, akazinyoosha kwa kidole gumba, akarudi ukingoni.

"Clemensi, njoo uzipokee."

Clemensi alibaki pale pale ukingoni, mikono ubavuni.

"Sikiliza, bwana," Mchopa akasema, tena bila ukali. "Siwezi kukurushia cheo kama mfupa. Koplo ni mtu wa kusimama katikati ya wenzake. Shamba la ngano likiwaka moto leo jioni, utawaita kutoka huko? Nafasi ni moja, na leo naiacha na mtu. Vuka tu, ni hatua chache."

Sylvesta alikuwa mstari wa mbele. Hakurudi nyuma kama wale wengine. Alikuwa amekaza taya, macho mbele, kama mtu anayengoja kuchomwa sindano. Kama Clemensi angevuka, angempa mkono wa pongezi, kisha akarudi nao nyumbani kwa Hyasinta. Hilo ndilo lililomkata Clemensi maini.

"Mpe Sylvesta, afande," akasema. "Anafaa."

Iliuma. Asiseme mtu kwamba wema hauumi. Alisimama mguu sawa mpaka tepe zikabandikwa kwenye mkono wa shati la mwenzake kwa pini, maana fundi hakuwepo, na mpaka landrova ikapotea njia ya Mbulu. Ndipo akaenda kukata majani ya ng'ombe akiwa na sare yake vilevile.

Jioni, jua likiwa bado linawaka juu ya misitu ya Ngorongoro, Sylvesta alikuja peke yake upande wake wa korongo. Clemensi na Lukresia walikuwa wakifunga mizigo ya majani. Alisimama pale akilivuta shati lake.

"Mchopa kasema nikazishone Karatu mjini," hatimaye akaita. "Sishoni mjini. Nitatembea na pini hivi hivi mpaka shemeji atoke metimani, azishone yeye. Mwambie."

Hapakuwa na haja ya kumwambia, alikuwa amesikia. Lukresia alinyanyuka taratibu, majani yakamwanguka mapajani. Alilitazama lile shati kule ng'ambo, jicho la fundi, na pini zilizokuwa zikimetameta juani. Kisha akasema, kwa sauti ndogo mno isiyoweza kufika popote:

"Mwambie azigeuze, ncha ziingie ndani ya kitambaa. Zitamchoma mtoto akimpakata."

Clemensi alimtazama mkewe, aliyekuwa amelitamka neno mtoto. Kisha akaligeukia korongo, akavuta pumzi kama asubuhi, akafungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Ng'ambo, Sylvesta alikuwa ameweka kiganja sikioni, anangoja.