Udhu wa Shomari

Mume wangu Shomari alinificha damu msimu mzima wa palizi, na siku nilipoiona kwenye kikoi chake akaniambia eti bawasiri. Bawasiri! Mtu anakonda mpaka kanzu inamning'inia, bado bawasiri. Alikunywa mizizi ya kila mganga hapa kijijini kwetu Masaki, akakalia maji ya moto, akaacha pilipili. Mwishoni nikamwambia, "Baba Raudha, ama tunakwenda hospitali ya Tumbi, ama namwita kaka yako Omary nimweleze yote." Ndipo akavaa viatu.

Hospitali muuguzi akamuuliza anaumwa wapi. "Huko nyuma," akasema. Nyuma wapi, mzee? "Mgongoni." Haki ya Mungu, mgongoni! Mficha uchi hazai, nikapataja mimi mwenyewe kwa jina lake, na Shomari alinikasirikia mpaka tunafika nyumbani.

Daktari Anselmi alimpima kwa kidole, akachukua kipande cha nyama kikachunguzwe. Yeye ni Mnyamwezi na sisi Wazaramo, kwa hiyo siku ile walitaniana sana, kwamba Mzaramo akiona sindano humwita mama yake. Tuliporudi kuchukua majibu alifunga mlango kwanza. "Mtani wangu," akasema, "leo sina utani. Ni saratani."

Akamlaza, akapitisha kidole juu ya tumbo lake taratibu. Utumbo mpana unashuka upande huu wa kushoto, alisema, ukifika hapa nyongani unajipinda, halafu unateremka mpaka njia ya haja. Pale mwisho pana msuli wa mviringo. Huo ndio unaokushikia choo na hewa mpaka utake mwenyewe. "Uvimbe ungekuwa juu kidogo, ningekata kipande na kuunga. Lakini wako umekaa chini kabisa, umeushika msuli wenyewe. Nikiutoa, na msuli unakwenda. Kwa hiyo nitafunga huku chini, nitoe mdomo wa utumbo hapa tumboni, uvae mfuko. Utapona, mzee. Tumewahi."

Mimi nilisikia "utapona". Shomari alisikia jingine.

"Na hewa?" akauliza. "Itakuwa inatoka yenyewe?"

"Itatoka yenyewe. Kuizuia hutaweza."

Tulipofika nje alikaa kwenye ukingo wa maua, mtu mzima, akajishika kichwa. "Mwanajuma, mimi ndiyo basi, sina udhu tena mpaka kufa. Nitasimamaje mbele ya Mungu na uchafu unanitoka tumboni? Bora nife ninasali."

"Umemuuliza nani hilo?"

"Nimuulize nani? Niende msikitini nikawaambie watu nitanyea ubavuni?" Akataka kuniapisha nisimwambie mtu. Nikamwambia siapi, tena akitaka kiapo akaoe mwingine.

Basi ikaanza kesho, kesho. Mara ngoja korosho ziishe, mara ngoja Raudha ajifungue. Nilimnunia, nikambembeleza, nikampigia kelele hadi majirani wakadhani ameniletea mke mwenza. Laiti ingekuwa mke mwenza! Hakutikisika. Akawa hawezi kukaa ila kwa upande mmoja, tumbo likajaa kama ngoma, na usiku nikimsikia anasaga meno.

Nikapanda bodaboda mpaka kijiji cha Chole, kwa Shehe Badru aliyemsomesha Kurani utotoni. Nikamwaga yote. Mzee wa watu machozi yakamtoka.

"Hilo tu ndilo linalomuua? Mwenye udhuru hutawadha kila wakati wa sala unapoingia, akasali, na sala yake ni sala. Asiyeweza kuzuia mkojo, asiyeweza kuzuia hewa, mwenye jeraha lisilokauka, wote hao vitabuni wamo. Angeniuliza tu!"

Akapanda bodaboda nyingine tukaja naye, na umri wake ule. Akamwambia Shomari maneno yale yale. Shomari akamshika mkono akambusu, akalia kwa sauti, akasema, "Mama Raudha, nitafutie kanzu safi. Twende Tumbi."

Nilikuwa na furaha njiani, sitaki kusema uongo. Daktari Anselmi akampiga picha za tumbo, akazitazama, akaniita pembeni. Uvimbe umeshashika mfupa wa nyuma, akasema, na umefika kwenye ini, maana damu ya utumbo hupitia huko. Kuutoa hakuna tena. "Ila njia imeziba, mama. Lazima nimfungulie tumboni, choo kipate pa kutokea. Walau asiteseke."

Kwa hiyo mfuko ule alioukimbia alipewa, na saratani akabaki nayo.

Adhuhuri ya kwanza nyumbani hakutaka nimsaidie. Nilimwekea maji na sabuni. Akaumwaga mfuko, akajisafisha, akavaa mwingine. Akatawadha polepole, akasali kwa kukaa juu ya mkeka. Alipokwisha kutoa salamu, kulia na kushoto, alibaki pale pale, mikono mapajani.

"Mwanajuma."

"Bee."

"Kumbe ndiyo hivi tu?"

"Ndiyo hivi tu, Baba Raudha."

Nikatoka uani, nikajiziba mdomo kwa khanga, nikalia kilio cha mjane, na mwenyewe yumo ndani ananisikia.