Difu ya Mkunga

Gari aliloachiwa na marehemu mumewe lilikuwa kuukuu, lakini mkunga hakutaka kusikia habari za kuliuza. Tatizo lilikuwa kilima cha kwenda zahanati. Mvua ikinyesha, gurudumu moja la nyuma lilizunguka bure kwenye tope huku la pili limetulia kama mgeni. Juzi alifika mtoto ameshazaliwa. Kaka yake akakata shauri: likishindwa kupanda tena, mnunuzi aliyekwisha kumpata analichukua.

Binti wa kaka huyo, fundi magari, alikuwa upande wa shangazi. Alitafuta difu, ile gia ya kugawa nguvu kwa magurudumu ya nyuma, lakini ya aina nyingine, inayobana magurudumu yote mawili ili moja likiteleza, jingine lisikose nguvu. Wakachomoa shafti, wakatoa difu ya zamani, wakahamishia gia kubwa kwenye mpya. Mkunga aliosha vyuma kwa mafuta ya taa. Kwa usafi hana mpinzani.

Walipokaza kila kitu, gia ziligoma kuzunguka. Fundi akalegeza, akakaza tena, ngumu vilevile. Akavitazama vifuniko viwili vya beringi, vinavyofanana kama shilingi kwa ya pili.

“Shangazi, hivi uliviosha pamoja?”

“Beseni moja. Kwani vibaya?”

“Kila kimoja kina upande wake. Vilichongewa palepale, ukibadilisha pande vinabana beringi.”

Mkunga akajishika kiuno. Mapacha wakizaliwa, yeye humfunga uzi mkononi aliyetangulia, wasije wakachanganywa. “Na hawa nikawaacha uchi,” alisema.

Kaka mtu akachungulia mlangoni, akauliza kama amwite mnunuzi. Binti yake akamjibu kwa adabu kwamba chai ipo ndani, akarudi chini ya gari.

Wakafungua upya. Vifuniko vilipobadilishwa pande, fundi alipitisha ukucha kwenye maungio na haukukwama popote. Akakaza, akapaka rangi kidogo kwenye meno ya gia aone yanapogusana, akazungusha. Ilizunguka laini, na alama ikatokea katikati ya meno, pale ilipotakiwa.

Kesho yake mvua haikuwa na huruma. Kaka mtu alisimama nyuma ya gari chini ya kilima, suruali ameikunja, tayari kusukuma. Mkunga akakanyaga mafuta taratibu. Gari likayumba, magurudumu yote mawili yakauma tope, likaanza kupanda.

Kaka akabaki ameinama, mikono mbele, hana cha kusukuma.

“Mwambie mnunuzi wako atafute jingine,” mkunga alimpigia kelele dirishani, bila kupunguza mwendo. Zahanati kulikuwa na mtu anamsubiri.