Sawa ya Mama Josée

Kitendawili cha Noella kilikuwa hiki: neno moja, unalisema ukikubali, unalisema ukikataa, unalisema ukichoka. Alimtegea mama mukwe wake, Mama Josée, asubuhi ile wageni wa afya walipopanda kutoka Uvira hadi kijijini kwao mlimani, chini ya Rurambo. Mama Josée hakuzoea kushindwa na kitendawili, akamwambia amngoje atoke kwenye kikao.

Kikao kilikuwa cha maternite, nyumba ya kuzalia. Bwana Révérien, mukubwa wa wageni, alieleza kwamba maternite yao ndogo itaunganishwa na ile ya bondeni. Wa mlimani na wa bondeni watazalia nyumba moja, kwa dawa zilezile, asionewe mtu. Akamuuliza kwanza muuguzi wao, Alliance, naye mbele ya mukubwa wake akajibu sawa. Kisha akawageukia wamama.

Mama Josée, mkubwa wao, alikuwa na maneno tele tumboni. Noella alikuwa karibu kujifungua, na katikati ya njia ya bondeni kuna kamto ambako mvua ikinyesha hakapitiki. Lakini kwao mgeni habishiwi akiwa na njaa. Unamwitikia sawa, maana yake tumekusikia. Anakula, ananawa mikono, na hapo ndipo unamweleza ya moyoni.

"Sawa, baba," akasema kwa niaba ya wote.

Bugali ilikuwa imeiva, samaki wa mikeke wananukia. Bwana Révérien aliandika, akashukuru sana, akapanda jeep yake kabla mvua haijaharibu barabara. Wamama wakabaki na sahani mikononi wanaangaliana. Mwezi haujaisha, vitanda vikapakiwa kwenye kamioneti, na Alliance akashuka navyo.

Uchungu ulimkamata Noella mvua ikiwa imeshika tangu alfajiri. Wanaume walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti na mkeka, wakateleza naye mpaka kwenye kamto, na kamto kalikuwa kamejaa, kanabingirisha mawe. Wakakaa ng'ambo ya huku, wakingoja maji yapungue. Mama Josée alimlaza kichwa mapajani, akamfunika kwa kitenge chake. Damu ilikuwa inapita kwenye mkeka.

"Usilale, mama yangu," alimwambia. "Kitendawili chako bado kinanisumbua. Nipe jibu."

Noella alifumbua macho. Karibu acheke.

"Si weye ulilisema, mama? Kwenye kikao."

Hakusema lingine. Maji yalipopungua, waligeuza kipoyi, wakapanda nacho nyumbani. Mtoto walimzika naye, kaburi moja.

Bwana Révérien alirudi kiangazi, kuuliza watu wanauonaje muungano. Wamama walikaa palepale. Mafiga yalikuwa baridi.

"Leo hatukupika, baba," Mama Josée akasema. "Kwa hiyo tutaanza na ukweli."

Akamweleza yote, kamto, kipoyi, kitenge, bila kupaza sauti. Bwana Révérien aliinamisha kichwa. Alisema pole. Kisha akaeleza, polepole kama mtu anayekanyaga matope, kwamba mambo yamekwisha kupitishwa huko juu, na kwamba yeye mwenyewe aliwasikia wakikubali. Akauliza kama wamemwelewa.

Akangoja ile sawa. Wamama walimwangalia Mama Josée, na Mama Josée alikuwa anaangalia mafiga, akichagua sawa ipi kati ya zile tatu za kitendawili.