Uchochoro Uliofuata Meno

Haya ninayoyasema ni kweli tupu. Atakayenikuta na uongo hata wa punje achukue kiti changu cha kuegemea, kile ambacho hata paka hupiga hodi kabla ya kukikalia.

Mjukuu wangu alikuwa anapiga mswaki mlangoni, ameinama, povu limemfika kidevuni. Ilikuwa wiki ya kwanza ya nyaya za meno. Meno yake ya juu ya mbele yaliachana mno, na moja la chini lilikuwa linamchoma ufizi kila akitafuna, ndiyo maana daktari akamfunga vyuma. Akampa na masharti: mswaki kila baada ya kula, juu na chini ya waya, asitafune barafu wala mifupa, vijipira vya kuvutia meno asivivue ila wakati wa kula.

Fundi cherehani, mpangaji wa chumba cha nyuma, akatokea uchochoroni na furushi la nguo. Furushi likakwaruza ukuta.

"Mzee, uchochoro umepungua."

"Labda wewe ndiye uliyeongezeka."

"Mimi nashinda na futi shingoni, mzee wangu. Kiuno changu nakijua. Ukuta ndio uliosogea."

Akapima. Ulikuwa umesogea kweli, bila ufa, na rangi haikubanduka. Uchochoro huo ndio uliokuwa njia yake pekee. Geti la nyuma mwenye nyumba aliliziba alipojenga stoo yake, na nyumba tunayopanga sisi haina mlango wa nyuma.

Siku moja mjukuu akatafuna barafu, chuma kimoja kikabanduka jinoni. Jioni uchochoro ukapitisha cherehani pamoja na meza yake. Daktari alipokigandisha tena, ukuta ukarudi. Basi, tukajua. Mama yake akasema, "Ndiyo hivyo," akaendelea kuosha vyombo.

Wateja wanene wakaacha kuja. Wakafuata wa wastani. Waliobaki waliingia kiubavu, wakapimwa, wakatoka kiubavu.

Mjukuu akavificha vijipira ndani ya soksi na mswaki akausahau makusudi, kwa hesabu zake za kitoto kwamba meno yakichafuka sana daktari atavua vyuma vyote na fundi atapata njia. Ufizi ukavimba, ukaanza kutoa damu.

"Chuma hakiozeshi jino," daktari akamwambia. "Kinachoozesha ni chakula kinacholala chini yake. Ukiendelea hivi nitavivua kweli, utabaki na mapengo na mashimo."

Fundi akapata habari. Akaja amebana pumzi, mabega yamejaa chokaa, akaketi mbele ya mtoto.

"Fungua mdomo."

"Bi Fundi, sasa wewe utatokaje?"

"Nani amekuuliza habari za kutoka? Fungua mdomo, mwanangu. Mimi sipiti juu ya meno ya mtoto wa watu."

Akachukua uzi wa meno, akaupenyeza chini ya waya kama mtu anayeshona pindo la hariri, akausugua jino kwa jino. Akafanya hivyo kila jioni. Ufizi ukapoa. Na kila jioni alipomaliza, njia yake ya kurudi ilikuwa nyembamba zaidi.

Hatimaye meno yakakutana. Uchochoro ukabaki mstari, hata wembe haupiti. Fundi alikuwa upande wa ndani, anashona.

Mwenye nyumba akaitwa, akaja na funguo za stoo mkononi.

"Si utoboe mlango humo stooni?" mama wa mtoto akamwambia.

"Kuta ni zangu, meno si yangu. Kamlaumuni daktari."

Lakini moyo wa mtu si jiwe. Kesho yake akaja na waashi, akatoboa mlango mpana stooni, akaomba na radhi. Fundi akatoka na cherehani kichwani, mtaa mzima ukashangilia, na...

"Mlango gani, babu?"

Mjukuu alikuwa nyuma yangu, anachungulia begani pangu na kusoma ninayoandika, mswaki mdomoni.

"Ule wa stoo."

"Stoo ina kufuli lilelile. Na radhi nani aliisikia? Mengine sawa, hata la barafu. Ila Bi Fundi si anapita dirishani kwako, anakanyaga ndoo? Na ndoo yenyewe imepasuka jana. Inuka."

Nikainuka. Akakibeba kiti changu hadi chumbani, mimi nyuma yake, akakipitisha dirishani, akakiweka nje chini ya dirisha. Akakitikisa kuona kama kimetulia. Kilikuwa kimetulia.

Aliporudi sebuleni, mwenye nyumba alikuwa anapita barabarani. Akamwona mtoto kupitia mlango ulio wazi, akasimama kumsifu: meno yamenyooka kama yamepigwa rula.

"Hodi, mzee," fundi akasema, mguu mmoja umeshaingia dirishani, furushi mbele.

"Karibu, pita," nikamjibu, nimesimama wima kando ya kitanda, maana pa kuegemea sina tena.