Kimya cha Fathiya

Hata buibui hajavua, Fathiya aliona msumari wake umetundikwa eproni ngeni: nyeusi, mpya, imetariziwa gilasi ya mvinyo kifuani. Ile yake ya kupigia pasi haikuwapo.

Meneja wa hoteli, Bwana Haroub, akamweleza papo hapo. Kuanzia mwezi ujao shuka zitapelekwa kwa dobi wa mashine. Yeye atapanda ghorofa ya juu kuwapelekea wageni vinywaji. Asiyetaka, mlango uko wazi. Fathiya, aliyekuwa akipiga pasi hapo Malindi mwaka wa nne sasa, akainamisha macho. Hakujibu. Kesho yake hakurudi kazini.

Bi Mwanakheri, mpishi wa hoteli ile, ndiye aliyemvuta mkono mpaka ofisi ya usuluhishi wa kazi. Haroub naye akaitwa. Wakaketi wote mbele ya msuluhishi, Bi Salhiya.

"Mimi sikumfukuza," alisema Haroub. "Nilimwambia, akanyamaza. Kunyamaza si kuridhia?"

"Kwani ulikwenda kumposa, Bwana Haroub?"

Bi Mwanakheri akaangua kicheko, akajiziba mdomo kwa mtandio.

"Kimya cha mwari kinatosha kwenye posa," aliendelea Bi Salhiya. "Mkataba wake huu wa kazi umeandikwa kupiga pasi. Ukimbadilishia kazi bila ya ridhaa yake mpaka akakimbia, umemfukuza, ijapokuwa hukutamka neno. Haya, Fathiya, ulikubali?"

Fathiya akatikisa kichwa.

"Mwanangu, kichwa siwezi kukiandika."

Kalamu ikangoja. Akiinuka hapa bila ya kusema, kazi ndiyo imekwenda.

"Sikukubali. Nnataka pasi yangu."

Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyodhani, hata mlinzi wa mlangoni akageuka.

Haroub akajipangusa uso. "Basi arudi kwenye pasi yake. Na huyo dobi mwenyewe bado sijafunga naye mkataba."

"Liandike hilo, utie saini," alisema Bi Salhiya.

Walipotoka nje, Fathiya alishusha pumzi ndefu, kama aliyetuliwa ndoo kichwani.

"Kumbe sauti unayo!" alimtania Bi Mwanakheri. "Ulikuwa umeiweka akiba ya nini?"

Fathiya akacheka mpaka akaegemea ukuta. Alipotulia, akasema taratibu:

"Bi Mwanakheri, mimi watu nnawaogopa. Shuka nnazipenda kwa sababu haziniangalii."