Karavani ya Bwana Tayari

Mtu akikwambia "tayari", unaamini jambo limekwisha. Kwa mume wa fundi miwani neno hilo lilikuwa na maana tatu: nimefanya, nitafanya, na usiniulize tena. Mashemeji zake walimbandika jina la Bwana Tayari, naye, masikini, akalipokea kama sifa.

Siku hiyo walikuwa wakikokota karavani, kile chumba cha magurudumu chenye kitanda, jiko na choo, kwenda kwenye kambi ya wageni huko porini njia inakoishia. Kambi ilikuwa inatafuta mtu na mkewe wa kuisimamia. Bwana Tayari alikwisha kuiona raha yake: hewa safi, ndege, kiti cha kukunja. Mkewe aliiona hasara yake tu. Angeiacha meza yake ya kusagia vioo, kazi aliyoisotea mpaka wateja wakawa hawataki kuhudumiwa na mwingine. Basi walikubaliana waende kwanza, wapaone, kisha yeye ndiye aseme ndiyo au hapana.

Lami ilipokwisha mke alisimamisha gari. Gari lilikuwa lake, na usukani alikuwa ameushika yeye.

"Umepunguza upepo kwenye matairi ya karavani, isituruke huko mbele?"

"Tayari."

"Dirisha la paa umelifunga?"

"Tayari, mama."

"Na dumu la choo umelimwaga? Maana safari iliyopita lilirudi limejaa."

"Kwani mimi mtoto? Tayari kitambo."

Wakaingia kwenye vumbi. Barabara ilikuwa na mikunjo kama bati, na karavani huko nyuma ilikuwa inarukaruka mpaka gari zima linatetema. Sasa, mtu anayesaga vioo vya miwani hana urafiki na vumbi. Chembe moja ikinasa chini ya kioo, kazi yote ni bure, na dukani fundi huyu alikuwa anafuta meza hata kabla hajatua mkoba wake. Leo vumbi alikuwa akilitafuna. Lilimjaa puani, kwenye kope, kwenye mikunjo ya shingo, likachanganyika na jasho likawa tope. Alichukia hata kumeza mate.

Kisha ikaja harufu.

"Kuna mnyama kafa hapo," alisema mumewe huku akibugia karanga.

Wakapita kilima, harufu ipo. Wakavuka korongo, harufu ipo.

"Mnyama wako ana mbio sana," mkewe akasema, akakanyaga breki.

Alifungua mlango wa karavani, akarudi nyuma kama aliyesukumwa. Dirisha la paa lilikuwa wazi, limetanua kinywa. Vumbi jekundu lilikuwa limetanda juu ya kila kitu. Dumu la choo lilikuwa limeng'oka mfuniko kwa kurushwarushwa, na yaliyokuwamo, ya wiki nzima ya safari iliyopita, yalikuwa yametambaa sakafuni, yakakutana na vumbi, yakawa uji mzito unaopumua. Ndani ya uji huo ulilala mkate wao, na juu ya mkate mto wake, ule anaoulalia shavu. Akalipiga teke tairi. Lilikuwa gumu kama jiwe. Akainama kando ya njia, akatapika.

Alipoinuka mumewe alikuwa ameziba pua kwa vidole viwili.

"Barabara mbovu hii," alisema, akamnyooshea ndoo. "Wewe anza na sakafu, mimi niangalie matairi."

Hakuipokea. Kinyesi kina haki ya kunuka, ndiyo kazi yake. Kilichomtia kinyaa ni huyu aliyesimama mbele yake na chembe za karanga mdomoni, hana hata haya. Alifunga mlango kwa ncha za vidole, wakaenda mpaka kambini.

Mwenye kambi, mama mtu mzima aliyevaa mabuti ya mpira, aliwapokea kwa furaha ya kweli, harufu akajifanya haisikii.

"Karibu, mwanangu. Vyoo vya wageni ndivyo vile pale, nimekuwekea brashi mpya. Ahsante sana kwa kuacha kazi yako mjini uje utushikie usafi. Mumeo alituambia umeshaaga tangu mwezi jana. Yeye tumempa mapokezi."

Fundi akamgeukia mumewe. Bwana Tayari alikuwa anachora mchanga kwa kidole cha mguu.

"Nilijua utakubali tu," alisema polepole. "Nikaona tusipoteze muda."

Mkewe alimtazama, pua imekunjamana kama pale mlangoni. Huyu ndiye aliyekuwa akila naye sahani moja.

"Mama, nisamehe," alimwambia mwenye kambi. "Sijaacha kazi, wala siachi. Umedanganywa kama mimi."

Akaenda nyuma ya gari. Akakaza breki ya karavani, akashusha kigurudumu cha mbele, akalegeza kishikio kilichoifunga kwenye gari, akachomoa waya wa taa. Alipokuwa anawasha gari mumewe alikimbilia dirishani.

"Sasa mke wangu, mimi nitalala wapi?"

"Kwako," akasema, akamwonyesha karavani kwa kidevu, akapandisha kioo.